Jinsi ya kusoma barua ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu

Hapa Tanga barua hizi bado zimo majumbani: ndani ya kasha la bibi, katikati ya kurasa za msahafu, kwenye mkoba wa hati za shamba. Wengi huziona wakadhani ni Kiarabu, wakazirudisha. Nyingi ni Kiswahili chetu kabisa. Watu wa pwani waliandikiana hivi zamani sana kabla ya Wadachi, yaani Wajerumani. Zipo barua za Kiswahili kutoka Kilwa, za kuanzia mwaka 1711, ambazo zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa, India, hadi leo. Huu ndio utaratibu ninaoufuata ninapoletewa barua.

Hatua ya 1: Usianze kusoma

Tandika meza kavu mbali na jua. Nawa mikono, iache ikauke kabisa. Glavu huzihitaji, zinapunguza hisia za vidole, na karatasi kuukuu huchanika kwa mguso mzito. Kama barua zimefungwa pamoja, andika kwanza daftarini ipi ilikuwa juu ya ipi, maana aliyezifunga alikuwa na sababu zake na mpangilio ule ukivurugika haurudi.

Selotepu usiitie kabisa. Laminesheni nayo naikataza kwa nguvu zote: plastiki ikishashika haibanduki, na joto lake linaiumiza karatasi. Wino wa masizi huchuruzika ukipata maji, basi hata kitambaa chenye unyevu kiwe mbali. Kalamu ya wino weka kando, tumia penseli.

Hatua ya 2: Piga picha

Zima flashi. Mwanga utoke ubavuni, rula iwe pembeni, na upige pande zote mbili pamoja na bahasha. Kuanzia hapa utasoma picha. Barua yenyewe ipumzike.

Hatua ya 3: Tafuta mwanzo na mwisho

Barua za wakati ule zina kawaida yake. Juu kuna salamu ndefu zenye Kiarabu kingi, sifa za anayeandikiwa na dua. Usikwame hapo. Tafuta "ama baad" au "baada ya salamu". Shauri lenyewe linaanzia hapo. Chini tafuta "wasalaam", jina la mwandishi, na tarehe.

Tarehe huwa ya Hijria. Kupata Miladi kwa makadirio, zidisha mwaka kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1307 utakupa 1889 na ushei, na kweli ulianza Agosti 1889, wakati pwani hii yote ilikuwa vitani na Wadachi. Ukiijua tarehe, hata maneno yaliyofifia huanza kusomeka.

Hatua ya 4: Nakili unachokiona

Hapa ndipo kazi ilipo. Kiarabu hakina p, ch, v wala g yetu, kwa hiyo waandishi waliazima herufi za jirani: be kwa p, fe kwa v, ghaini kwa g, shini kwa ch. Wengine waliongeza nukta, wengine hawakujali. Irabu ni tatu tu, hivyo kasra moja (alama ya chini ya herufi) inasimama kwa i na e, na dhumma moja (alama ya juu) kwa u na o: "kiti" na "keti" zinaandikwa sawasawa. Zaidi ya hayo, m na n mbele ya konsonanti mara nyingi huachwa. Be peke yake inaweza kuwa ba, pa au mba.

Kwa hiyo chora safu mbili daftarini. Ya kwanza uandike herufi kama zilivyo, bila kuzitafsiri. Ya pili uandike kila usomaji unaowezekana. Usichague bado.

Niliwahi kusoma barua ya mfanyabiashara wa Pangani, nikaandika "pamba", nikajenga maelezo mazima juu ya biashara ya pamba. Neno lile lingeweza kuwa baba, papa, bamba au pamba, nami sikuandika mengine.

Hatua ya 5: Msomee mzee

Barua hiyo nilimpelekea mzee mmoja wa Tongoni. Nikamwamkia, nikamsomea taratibu. Akanisimamisha: "Mwanangu, rudia mstari wa chini. Ametaja chumvi. Huyo ni papa." Papa mkavu, aliyetiwa chumvi, anayesafirishwa kwa jahazi. Jicho langu peke yake lisingefika hapo. Soma kwa sauti, rudia, na neno la Kimtang'ata, lahaja ya huku kwetu, usiligeuze kuwa Kiswahili sanifu.

Hatua ya 6: Andika nakala safi

Neno lenye shaka litie mabano na alama ya kuuliza. Palipotobolewa na wadudu acha nafasi, usipajaze kwa kukisia.

Kisha rudisha barua kwenye bahasha ya karatasi. Nailoni inafungia unyevu wa Tanga ndani, na ukungu unafuata. Familia ikikubali, ipelekwe panapohifadhiwa nyingine za aina yake; Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo mkubwa, ambao orodha yake J. W. T. Allen aliichapisha mwaka 1970.

Kabla ya kumwonyesha mtu wa nje, waketishe wenye barua uwasomee yote. Humo mna madeni, talaka, na wakati mwingine majina ya watu waliouzwa, ambao wajukuu zao wanaishi mtaa uleule. Wao ndio watakaosema lipi litoke.