Kuokoa riwaya ya Kisomali: kutoka jina la mtunzi hadi nakala ya tatu

Anza na jina, kabla hujashika skana. Riwaya nyingine za Kisomali zipo rafuni hadi leo ila hazipatikani, kwa sababu jina la mtunzi limeandikwa kila mahali kivyake. Aliyetunga Aqoondarro Waa u Nacab Jacayl (1974), inayotambuliwa kuwa riwaya ya kwanza kuchapishwa kwa Kisomali, ni Faarax Maxamed Jaamac Cawl. Kwingine utamkuta ni Farah Awl, na anayemtafuta kwa sura moja hafiki kwenye nyingine.

Aliyepita chuo cha Kurani atalishika hili upesi. Katika hati ya Kilatini iliyotangazwa rasmi Oktoba 21, 1972, c ni ain ya Kiarabu, x ni ile ha ya kooni iliyomo katika Muhammad, na irabu ndefu huandikwa mara mbili. Kwa hiyo Cali ni Ali, Maxamed ni Muhammad, Cumar ni Omar. Nakili jina kama lilivyo kwenye jalada, halafu ziorodheshe sura zake nyingine zote katika safu ya pili. Usilifanye jina la mwisho kuwa la ukoo: Msomali hubeba jina lake, la babake na la babu, hivyo Faarax hupangwa chini ya F. Lakabu, ambayo wenyewe huiita naanays, iwekwe ndani ya alama za mtajo, maana mara nyingi ndiyo watu wanayoijua.

Tarehe za kuzaliwa zina mtego wake. Wafugaji waliipa miaka majina ya matukio. Ukame wa 1974 na 1975, kwa mfano, ni Dabadheer. Familia ikikutajia mwaka kwa jina, andika jina hilo kwanza, kisha hesabu yako kando. Ukiandika tarakimu peke yake na hesabu ikawa na kosa, hakuna atakayeweza kulisahihisha baadaye.

Kitabu chenyewe

Vitabu vya Muqdisho (Mogadishu) vya miaka ya 1970 na 1980 vingi vilichapwa kwenye karatasi duni yenye asidi. Inageuka kahawia, kisha inavunjika kwenye mikunjo. Baada ya vita kuutawanya mji mwaka 1991, vingi vilivyosalimika ni vile vilivyobebwa safarini au vilivyokuwa tayari nje ya nchi, kwa hiyo hata nakala iliyokosa jalada ina thamani. Usiitie selotepu: gundi yake hupenya karatasi na kuacha doa lisilotoka. Pini za stapla zilizoshika kutu zifunguliwe polepole kwa ncha butu, zisivutwe. Ukiona wadudu, funga kitabu ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha ukiache saa 24 kabla ya kuifungua mifuko. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa utatua juu ya karatasi baridi.

Piga skani kwa nukta 400 kwa inchi, kwa rangi, hata kama maandishi ni meusi tu. Rangi ndiyo itakayotenganisha wino na doa la maji. Hifadhi kwa TIFF, faili ya picha isiyobanwa. Ukurasa wa A5 utachukua megabaiti 23 hivi, na kitabu cha kurasa 120 karibu gigabaiti 3. Kitabu kisichofunguka vizuri usikilazimishe juu ya kioo. Kifungue nusu tu, kiegemeze kwenye vitabu viwili, na utumie kamera iliyofungwa kwenye stendi, bila mwako, taa mbili zikimulika kutoka pembeni. Usiache kurasa za mwisho wala jalada la nyuma, kwani bei, idadi ya nakala na jina la kiwanda cha uchapaji mara nyingi viko huko.

Programu ya kutambua maandishi ikikosa kamusi ya Kisomali, chagua hati ya Kilatini na uzime usahihishaji wa tahajia. Usipouzima, itakata irabu maradufu kimyakimya na kuligeuza Faarax kuwa neno la lugha nyingine. Makosa ya kuwinda kwa macho ni c na e, l na i, rn na m.

Na hapa watunzi wenyewe wametuachia kipimo kizuri kuliko programu yoyote. Riwaya ya Faarax ina mashairi ndani yake. Sisi wa Kiswahili tumezoea kina mwishoni mwa ukwapi na utao, yaani nusu mbili za mstari. Katika gabay, aina ya shairi la Kisomali, sauti inayorudiwa hukaa mwanzoni mwa neno, na kila nusu ya mstari lazima iwe nayo, sauti ileile, tangu mwanzo hadi mwisho wa shairi. Hii ndiyo higgaad. Ukikuta nusu ya mstari isiyo na sauti hiyo, rudi kwenye picha ya ukurasa: kwa kawaida herufi imesomwa vibaya au neno limeruka. Irabu zote hujibizana zenyewe kwa zenyewe, lakini c ni konsonanti. Ndiyo maana anayeandika Awrala badala ya Cawrala, shujaa wa kike wa riwaya hiyo, amelitoa jina hilo kwenye higgaad yake.

Magazeti na kaseti

Usikomee kwenye vitabu. Maana-faay, riwaya ya Maxamed Daahir Afrax, ilianza kutoka kwa sehemu katika gazeti la Xiddigta Oktoobar, na riwaya ambayo Nuruddin Farah alianza kuitoa gazetini kwa Kisomali mwaka 1973 ilikatizwa na wakaguzi wa serikali. Kwa hiyo piga skani ukurasa mzima wa gazeti pamoja na tarehe yake. Kipande kilichokatwa kwa mkasi hakina ushahidi.

Kaseti za usomaji zivunjwe kwanza vile vichupuo viwili vya juu, zisije zikafutwa. Safisha kichwa cha mashine kwa spiriti ya isopropili, na urekodi kwa faili ya sauti ya WAV, biti 24 na kilohezi 96, gigabaiti 2 kwa saa. Kaseti za dakika 120 zina utepe mwembamba unaokatika. Zichezwe mara moja tu, bila kuzirudisha kwa kasi.

Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mji mwingine. Kabla ya kuiweka kazi hadharani pata idhini ya warithi kwa maandishi: kwa sheria ya Kenya haki hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi. Wakikataa, nakala ibaki kwenye hifadhi, na taarifa ya kitabu pekee itangazwe. Kituo cha Utamaduni cha Hargeysa, chenye maelfu ya kaseti, ni mahali pa kuulizia kabla hujarudia kazi iliyokwisha kufanywa.

Ukiandaa jioni ya kumkumbuka mtunzi, chagua kurasa tatu au nne zenye shairi ndani, umpe mzee anayeijua gabay azisome kwa sauti, nawe urekodi. Atakapositasita kwenye mstari, weka alama hapo. Kesho yake ulinganishe na skani.