Mambo ya kuzingatia kabla hujagusa thamostati ya gari linalochelewa kupata joto

Mshale wa joto ukipanda, kila mtu anasimamisha gari. Ukibaki chini mwaka mzima, hakuna anayeuliza. Uliza. Injini nyingi zimetengenezwa kufanya kazi maji yakiwa karibu nyuzi 90, na ikizunguka kwenye 60 kila siku inajila polepole.

Anza na kiwango cha maji, injini ikiwa imepoa. Maji yakipungua, sensa ya joto inaweza kubaki kwenye hewa na mshale ukasema uongo.

Usikimbilie kulaumu feni. Thamostati ni vali inayofunguka na kufunga kwa joto la maji. Ikiwa nzima, hufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto, kwa hiyo hata feni ikizunguka tangu asubuhi, injini kwa kawaida itapata joto.

Shika paipu. Washa injini ikiwa baridi, weka mkono kwenye paipu ya juu ya rejeta, mbali na mkanda na feni. Inatakiwa ikae baridi dakika kadhaa, kisha joto lije kwa mara moja. Ikianza kupata uvuguvugu mapema na kupanda kidogo kidogo, thamostati imekwama wazi, au haipo kabisa. Injini nyingine huiweka upande wa paipu ya chini. Hapo shika ya chini. Mashine ya kusoma hitilafu za gari ikitoa msimbo P0128, maana yake maji hayakufikia joto lililotarajiwa. Mara nyingi ni thamostati, lakini hakikisha kwanza maji na sensa.

Sasa sikiliza hili kuliko mengine yote: usikubali fundi aitoe na kuitupa.

Mimi nilikubali. Gari lilikuwa limechemsha, fundi akaniambia kifaa kile ni cha nchi za baridi, akakitoa, maji yakapita moja kwa moja. Mshale ukashuka hadi robo na ukabaki hapo, nami nikalala usingizi. Gari likaanza kula mafuta zaidi, nikalaumu petroli. Kompyuta iliona injini haijapata moto, ikaendelea kuongeza petroli kama inavyofanya wakati wa kuwasha. Petroli isiyoungua ikateremka kwenye kuta za silinda hadi ndani ya oili. Chini ya kifuniko cha oili nikakuta utando mweupe kama maziwa mazito, maana mvuke haukuwa ukipata joto la kuukausha. Nilifuta kwa kitambaa. Na kilichoniumiza zaidi ni hiki: kila nilipochomoa kijiti cha oili, kiwango kilikuwa kimepanda. Nikafurahi kwamba injini yangu haili oili. Ningekinusa tu kile kijiti, ningejua. Oili ilikuwa nyepesi kama maji, na siku beringi za krenki, shafti kuu ya injini, zilipoanza kugonga, hakukuwa na cha kuokoa isipokuwa kufungua injini yote.

Kuna injini ambazo ukitoa thamostati zinachemsha zaidi. Ni zile ambazo thamostati yake ina kisahani cha chini, kinachoziba njia ya mkato ya maji kurudi ndani ya injini thamostati inapofunguka. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta.

Ukienda kununua, beba ile ya zamani. Linganisha kipenyo, urefu na hicho kisahani. Soma namba iliyogongwa, 82 au 88 kwa mfano: hilo ni joto inapoanza kufunguka, na hufunguka yote nyuzi kama 10 hadi 15 baadaye. Fuata kitabu cha gari. Kuweka ya 71 mahali pa 88 hakuponyi gari linalochemsha, kwa sababu likifika 105 zote mbili ziko wazi. Tatizo liko kwenye rejeta, pampu au feni, na huko ndiko uende.

Ijaribu kabla ya kuifunga, hata kama ni mpya. Itumbukize kwenye sufuria ya maji ukiining'iniza kwa uzi isiguse chini, weka kipimajoto, pasha, uone inafunguka kwenye namba yake na inafunga maji yakipoa.

Kufunga: spring ielekee injini, kitundu cha hewa kikae juu, gasketi iwe mpya, na hewa itolewe yote kabla hujaondoka.

Mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa moto, hata fundi akikuambia ufungue taratibu. Oili iliyochanganyika na petroli imwage, usiiongezee. Kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, uliyomwaga usiiache kwenye beseni wazi. Nyingi ni tamu na ni sumu, paka na mbwa huinywa, na mtoto naye huonja.