Mboji ya jikoni kwenye ndoo tatu za rangi

Gari la taka lisipopita mtaani kwetu Tabata wiki mbili, utajua nani kapika nini. Sandarusi zinajipanga mlangoni, kunguru wanazichana, na maji yanayochuruzika humo yanaita nzi mpaka sebuleni. Nilikuwa nalalamika kama wenzangu, hadi siku niliyozimwaga zangu tatu juu ya turubai nione nachangia nini. Maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, machicha ya nazi, majani ya chai, maganda ya mayai. Plastiki na makopo havikujaza hata sandarusi moja. Kilichokuwa kinanuka ni mabaki ya chakula changu mwenyewe, nami nalipia yapelekwe dampo la Pugu Kinyamwezi yakaozee kwenye lundo lisilopata hewa, yakitoa gesi ya methani.

Siku hizi kinachooza hakitoki getini kwangu; nakigeuza mboji, yaani mbolea ya bustani, ndani ya ndoo. Nafasi niliyonayo ni kibaraza cha nyuma, upana wake milango miwili, kwa hiyo usijitetee kwamba huna shamba.

Hatua ya 1: Tafuta vikavu kabla ya ndoo

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Mara ya kwanza nilichimba shimo, nikawa namwaga taka za jikoni peke yake, tena masika. Wiki ya pili jirani akapiga hodi: "Samahani jirani, hivi huko kwako hakuna kitu kimekufa?" Nilikuwa nimetengeneza uji mweusi.

Vijidudu vinavyoozesha taka vinahitaji kaboni mara 25 hadi 30 ya nitrojeni. Taka mbichi zina nitrojeni nyingi na maji mengi. Kaboni iko kwenye vitu vikavu, ambavyo pia huacha nafasi ya hewa kupita. Huhitaji maabara. Chukua kopo lolote: kopo moja la taka mbichi, makopo mawili hadi matatu ya vikavu. Ukisahau mengine yote, hilo shika.

Vikavu ni majani yaliyopukutika, maboksi na trei za mayai zilizochanwa vipande vidogo, au maranda ya seremala, mradi mbao hazikupakwa rangi wala dawa. Mimi natumia majani ya mwembe. Ni magumu kama ngozi, ukiyaweka mazima utayakuta mazima, kwa hiyo yatie kwenye kiroba uyakanyagekanyage. Asubuhi watu wanayafagia na kuyachoma; niliomba nyumba mbili wanihifadhie, sasa nina viroba vinne na macho hayaniwashi tena kwa moshi.

Hatua ya 2: Toboa ndoo

Nunua kwa mafundi rangi ndoo tatu za lita 20 zenye vifuniko, uzisugue mpaka rangi iishe. Shika msumari wa inchi 4 kwa koleo, uchome kwenye jiko la mkaa, utoboe matundu kumi na tano chini na mistari mitatu ubavuni. Fanyia nje, moshi wa plastiki si wa kuvuta. Kila ndoo ikae juu ya matofali mawili, beseni kuukuu chini yake, mahali pasipopigwa na jua la mchana wala mvua.

Hatua ya 3: Panga

Chini kabisa weka vikavu kimo cha kiganja, nyunyiza konzi mbili za udongo wa bustani, maana ndiyo mbegu ya vijidudu. Kisha taka za siku, zilizokatwakatwa, halafu zifunike kwa vikavu mpaka usione hata ganda moja. Kila siku hivyo hivyo.

Machicha ya nazi yana mafuta, hugandamana kama tofali na kuleta sisimizi. Yachambue kwa vidole uyachanganye na majani. Majivu ya mkaa, konzi moja kwa wiki yatosha. Kifuu usikisumbue, kitakaa miaka. Usitie nyama, vichwa vya samaki, mifupa, mafuta ya kukaangia, pampasi wala kinyesi cha mbwa au paka. Panya wa Dar hawangoji kualikwa.

Hatua ya 4: Geuza, kisha kamua

Mara moja kwa wiki pindua yaliyomo kwa kijiti kigumu mpaka ya chini yaje juu. Halafu chota konzi, ukamue kwa nguvu. Tone moja au mawili kati ya vidole ni sawa. Yakichuruzika, ongeza majani. Mkono ukitoka mkavu, nyunyiza maji.

Pua nayo ina kazi. Harufu ya yai viza maana yake hewa haipiti: geuza na uongeze vikavu. Ikikukaba kama choo cha stendi, taka mbichi zimezidi. Ukikuta funza wanene wa rangi ya udongo, usikimbie. Mara nyingi ni wa nzi chuma, wanakula taka haraka, na kuku wanawagombania.

Hatua ya 5: Iache

Kwangu, watu wanne, ndoo hujaa baada ya wiki tatu hivi. Ikijaa usiongeze kitu, anza nyingine. Endelea kuigeuza. Kwa joto letu, baada ya miezi miwili hadi mitatu utakuta kitu cheusi, chepesi, kinachonukia kama udongo uliopata mvua ya kwanza. Ukiwa na wasiwasi, funga konzi moja kwenye mfuko siku tatu. Ukifungua ikanuka vibaya, bado.

Chekecha kwa wavu wa mchanga, machenga yarudi kwenye ndoo mpya. Sehemu moja ya mboji kwa mbili za udongo yatosha kwa mchicha, bamia au matembele; mchanga wetu haushiki maji, na hapo ndipo utaona tofauti.

Ndoo haipati joto la kuua mbegu kama lundo kubwa linalofika nyuzi 55 hadi 65, kwa hiyo nyanya na mipapai itajiotea kati ya mchicha. Ing'oe ikiwa na majani mawili. Mimi nilionea huruma mpapai mmoja, sasa umepita paa la choo.