Unataka maktaba yenu itoe huduma ya ramani za kidijitali? Anza hivi

Msikimbilie kununua programu. Maktaba nyingi ndo zinakwama hapo, leseni inalipiwa alafu mwaka unaisha hakuna aliyeifungua. Wekeni QGIS, programu ya kutengeneza na kusoma ramani, ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na mkipakua chagueni lile toleo linalotunzwa muda mrefu (LTR) maana kompyuta inayotumiwa na watu wengi inataka kitu kisichobadilikabadilika.

Alafu andaa folda ya data za kuanzia. Natural Earth, mkusanyo wa data za ramani mtandaoni, ina mipaka, mito na miji ya dunia nzima, unaitumia bila masharti. Barabara na majengo chukua OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ila hii lazima utaje chanzo kwenye ramani. Picha za setelaiti zipo za Sentinel-2, bure pia, lakini pikseli moja ni mita 10 kwahiyo shamba kubwa utaliona, paa la nyumba moja usilitegemee, mwambie msomaji mapema asije kupoteza siku nzima. Kila faili iwe na maelezo mafupi, imetoka wapi, ya mwaka gani, leseni gani, mfumo gani wa majira (zile namba zinazoonyesha mahali). Hapa mkutubi ndo anang'aa jamani, hii kazi tunaijua toka zamani!

Sasa msomaji mwenyewe. Wengi wanakuja na orodha ya Excel yenye latitudo na longitudo wanataka zionekane kwenye ramani. Isevu kama CSV (jedwali la maandishi matupu), ifungue kwenye QGIS kama leya ya maandishi (Delimited Text Layer), X ni longitudo na Y ni latitudo, watu wanazigeuza kila siku. Kama namba zimetoka kwenye simu au GPS kwa digrii, chagua EPSG:4326, ndo namba ya mfumo wa majira wa latitudo na longitudo. Ukiona nukta zimeangukia baharini Ghuba ya Guinea ujue kuna sifuri kwenye jedwali, maana latitudo 0 na longitudo 0 zinakutana pale, rudini mkague pamoja, usimrekebishie kimyakimya.

Mwingine ataleta shapefile (data ya ramani inayogawanywa kwenye faili kadhaa) ya .shp peke yake, haitoshi, inahitaji wenzake .shx na .dbf, na .prj ndo inasema majira ni ya mfumo gani. Mwombe zote kwenye zip moja, na mkimaliza msevie kama GeoPackage, ni faili moja tu haipotezi vipande.

Na data zenye makazi ya watu au wagonjwa zisibaki kwenye kompyuta ya maktaba, anaondoka nazo kwenye flashi yake na nyie mnafuta palepale akiwa anaona.