Somo: Kutuma komiki (kitabu cha katuni) ikasainiwe na kupimwa daraja bila kuiharibu njiani

Kabla ya kugusa bahasha yoyote, shika mpangilio huu: kunyooshwa kwanza, saini baadaye, daraja (alama ya hali ya kitabu) mwisho. Wengi wanaopoteza pesa kwenye jambo hili hawakutapeliwa na mtu. Walifanya kazi zote tatu vizuri, ila kwa mpangilio mbovu.

Jambo la pili ni shahidi. CGC, kampuni ya kupima komiki ya Sarasota, Florida, iliyoanza mwaka 2000, hutoa lebo ya njano kwa komiki ambayo saini yake iliwekwa mbele ya mtu waliyemwidhinisha wao. Shahidi aone kalamu ikigusa jalada, na komiki ibaki mikononi mwake hadi ikabidhiwe kwa wapimaji. Picha yako ukiwa na mchoraji, video au risiti ya onyesho havichukui nafasi ya shahidi. Kwenye upimaji wa kawaida, saini isiyo na shahidi huhesabiwa kama maandishi tu juu ya jalada, hata kama aliyeandika ndiye aliyekichora kitabu chenyewe.

Hatua ya 1: Kagua nakala yako

Kipimo kinaanzia 0.5 hadi 10.0 na kina ngazi 25. Juu ya 9.0 ngazi zinasogeleana: 9.2, 9.4, 9.6, 9.8, 9.9, 10.0. Kwa komiki za miaka ya karibuni pesa nyingi iko kwenye 9.8, na tofauti kati yake na 9.4 inaweza kuwa mikunjo mitatu midogo ya mgongoni ambayo kwa mwanga wa kawaida huioni.

Zima taa ya juu. Weka taa moja ya mezani ubavuni mwa kitabu, mwanga upite juu ya jalada kwa mlalo, kisha uzungushe kitabu polepole. Anza na mgongo, karibu na pini. Tafuta vijistari vifupi vinavyoukata mgongo kwa upande, na ujiulize swali moja kwa kila kimoja: je, wino umepasuka na weupe wa karatasi unaonekana? Kama rangi haijavunjika, ni bonde tu na linaweza kunyooshwa. Kama weupe unaonekana, hakuna joto wala uzito utakaorudisha wino huo.

Halafu pembe nne, alama za vidole kwenye sehemu nyeusi, kutu kwenye pini, na ukurasa wa katikati kama bado umeshikwa na pini zote mbili. Hesabu kurasa. Kuponi iliyokatwa ndani ya komiki ya zamani hushusha daraja vibaya sana, na wengi huigundua kwenye maelezo ya mpimaji.

Usithubutu kupaka makapeni kwenye weupe wa mgongo. Huo unahesabiwa kuwa ukarabati, na lebo yake ni ya zambarau. Wanunuzi huikimbia.

Hatua ya 2: Kunyooshwa

Kunyoosha ni kutumia joto, unyevu kidogo na uzito ili kuondoa mabonde na mawimbi. Wapimaji hawahesabu kazi hiyo kuwa ukarabati. Mpe mwenye uzoefu. Unyevu au joto likizidi, jalada hunywea na kingo za kurasa za ndani huchomoza upande wa kufungulia. Kasoro hiyo hairudi nyuma.

Kwa nini kabla ya saini? Wino wa kalamu za rangi hukaa juu ya jalada bila kuzama. Ukipitishiwa joto unaweza kulainika, kunata kwenye karatasi ya kukingia na kubanduka vipande.

Hatua ya 3: Wakala, kalamu na dirisha

Kama huendi mwenyewe kwenye tukio ambako msanii anasaini, utapitia wakala anayefanya kazi na mashahidi walioidhinishwa. Muulize mambo manne kwa maandishi: shahidi atakuwepo siku hiyo? Msanii anatoza kiasi gani kwa saini moja? Nani anapeleka kwa wapimaji, na kwa huduma ipi? Msanii asipofika, komiki inarudi au inasubiri tukio lingine? Hilo la nne ndilo linalozaa ugomvi.

Dirisha ni mfuko wa plastiki uliotobolewa pale unapotaka saini, ili mkono wa msanii usiguse jalada lote. Utengeneze hivi:

- Weka komiki na kadi ngumu ya kuiegemeza kwa nyuma ndani ya mfuko, weka alama kwa nje pale panapofaa.
- TOA komiki. Ndipo ukate. Wembe ukipita plastiki hausimami hapo.
- Nafasi ya takribani sentimita 5 kwa 9 inatosha saini nyingi. Zungushia kingo tepu ya wapaka rangi kwa nje, isizidi hata kidogo kuingia ndani ya tundu, maana gundi itang'oa wino wa jalada.
- Rudisha komiki, kisha bandika kikaratasi juu ya mfuko: jina la msanii, rangi ya kalamu, na maneno "saini tu" kama hutaki jina lako liandikwe.

Chagua eneo jepesi na lenye rangi moja. Kaa mbali na mgongo angalau sentimita moja, na usiweke saini juu ya uso wa mhusika. Kwenye rangi nyepesi, makapeni nyeusi au ya bluu. Kwenye nyeusi, kalamu ya rangi ya fedha, dhahabu au nyeupe, itikiswe na kujaribiwa kwanza kwenye karatasi nyingine, kwani tone la kwanza ndilo humwagika. Kalamu ya wino wa kawaida yenye ncha ngumu iache: inachimba jalada na mchimbo unaonekana kwenye mwanga wa ubavuni. Wino mwekundu nao hupauka haraka ukipigwa na mwanga.

Majalada yenye karatasi ya kung'aa kama kioo hayanywi wino kabisa. Yape muda mrefu zaidi wa kukauka, na chochote kisiwekwe juu. Komiki mbili zikilaliana mapema, saini ya chini hujichapa nyuma ya ya juu, na hapo umeharibu zote.

Hatua ya 4: Fomu

Mstari mmoja kwa kila komiki: jina, namba ya toleo, mwaka, mchapishaji, aina ya jalada kama ni la pekee, thamani unayotangaza. Panga komiki kwenye boksi kwa mfuatano uleule wa fomu. Thamani iwe ya kweli. Ukiandika ndogo ili kubana ada, bima nayo italipa hiyohiyo ndogo.

Piga picha ya mbele, nyuma na pembe zote kabla ya kufunga.

Hatua ya 5: Kufunga

Kila komiki kwenye mfuko wake na kadi isiyo na asidi. Tepu ya kufungia mfuko ikunjwe ncha ili mpokeaji aivute bila kuhangaika. Tepu iliyojiachia huku komiki ikitolewa ndiyo huchana majalada.

Kisha weka fungu kati ya vipande viwili vya kadibodi ya mawimbi, vikubwa kuliko komiki kwa sentimita 2 kila upande, mawimbi ya kimoja yakienda wima na ya kingine mlalo. Vikielekea upande mmoja, fungu zima hukunjika kwenye mstari huohuo. Funga kwa plastiki, tia kwenye boksi dogo, na hilo liingie kwenye boksi kubwa lenye sentimita 5 za vitu laini vya kukinga pande zote. Litikise. Ukisikia kitu kinasogea, fungua uanze upya.

Kwa anayetuma kutoka nje ya Marekani: kwenye fomu ya forodha andika kwamba ni vitabu vya katuni vinavyokwenda kupimwa na vitarudishwa kwa mmiliki. Usiandike "zawadi". Ni udanganyifu, na bima inaweza kukukataa.

Hatua ya 6: Ikirudi

Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe na lebo: tahajia, toleo, jina la aliyesaini, tarehe. Kosa la lebo hurekebishwa, lakini liripoti mapema. Angalia kasha, yaani boksi gumu la plastiki ambamo wapimaji huifungia komiki, kama lina ufa. Mizunguko ya rangi kama mafuta juu ya maji husababishwa na plastiki kugusana ndani, haina uhusiano na kitabu. Hifadhi wima, mbali na jua.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Nina komiki aliyosaini Stan Lee, ila hakukuwa na shahidi. Naweza kupata lebo ya njano?
Jibu: Hapana, lebo ya saini iliyoshuhudiwa huipati, na kwa kuwa mwandishi huyo wa komiki alifariki Novemba 2018, hakuna namna ya kusainiwa upya. Njia iliyobaki ni huduma ya kuthibitisha saini, ambapo wataalamu hulinganisha mwandiko na mifano inayojulikana. CBCS, kampuni nyingine ya kupima komiki iliyoanza mwaka 2014, wanayo huduma hiyo. Ukiipeleka CGC kama komiki ya kawaida, tegemea lebo ya kijani yenye maelezo kwamba kuna jina kwenye jalada. Saini zake za kughushi ni nyingi, kwa hiyo thibitisha kabla ya kununua.

Swali: Yangu iko tayari kwenye kasha, lebo ya bluu (ile ya kawaida, isiyo na saini), 9.8. Nataka isainiwe. Nivunje kasha mwenyewe?
Jibu: Ongea na wakala kwanza, mara nyingi huifungua wao mbele ya shahidi. Ikitoka kwenye kasha inapimwa upya kama yoyote nyingine, na 9.8 yako haina dhamana ya kurudi.

Swali: Ikishakuwa ya njano, naweza kuongeza saini ya msanii wa pili baadaye?
Jibu: Unaweza, lakini kasha lifunguliwe na aliyeidhinishwa. Ukilivunja nyumbani, mnyororo wa ushahidi umekatika na saini ya kwanza nayo inahesabika kuwa haina shahidi. Acha nafasi kwenye jalada tangu mwanzo kama una mpango huo.

Swali: Dada yangu anataka iandikwe jina lake. Daraja litashuka?
Jibu: Daraja halishuki. Bei ya kuuza ndiyo hushuka, maana mnunuzi si dada yako. Kama haiuzwi, iandikwe tu.

Swali: Wino ulichafuka kidogo alipoinua mkono. Watanikata?
Jibu: Saini yenye shahidi yenyewe haihesabiwi kuwa kasoro. Doa lililokwenda mahali pengine, au nyuma ya jalada, linaweza kuhesabiwa. Usijaribu kulifuta. Pombe na vifutio huondoa mng'ao wa jalada, na pale palipofifia pataonekana kuliko doa.

Swali: Nitajuaje kama inalipa?
Jibu: Jumlisha ada ya saini, ada ya shahidi, kupima, kunyoosha, usafiri kwenda na kurudi, bima. Kisha tazama nakala kama yako, yenye saini hiyohiyo, imeuzwa bei gani ikiwa ngazi moja chini ya unayoitarajia. Ukitarajia 9.8, piga hesabu ya 9.6. Hapo ikiwa bado kuna faida, tuma.