Kutibu mzizi wa jino kwa mara ya kwanza: mambo ya kujua kabla hujaketi kitini

Jino linalokuamsha usiku na kupwita zaidi ukilala kuliko ukiketi lina kiini (tishu laini ya ndani yenye neva na damu) kilichovimba. Linalouma kwa chai ya moto na kutulia ukishikilia maji baridi mdomoni limefika mbali zaidi: kiini chake kinaelekea kufa. La hatari kuliko yote ni lile lililouma wiki nzima kisha likanyamaza lenyewe. Halijapona. Neva imeshakufa, na bakteria waliobaki ndani wanashuka polepole kuelekea kwenye mfupa wa taya. Wengi hufuta miadi wakati huo huo, maumivu yanapokoma, na miezi kadhaa baadaye wanaamka shavu limevimba.

Antibiotiki peke yake haitakuokoa. Dawa husafiri kwa damu, na kiini kilichokufa hakina tena damu inayoingia. Vidonge vinaweza kupunguza maambukizi yaliyotoka nje ya jino, lakini chanzo kitabaki ndani. Kinachotibu ni mambo mawili tu: kusafisha mizizi, au kung'oa jino.

Uvimbe ukishuka shingoni au ukapanda hadi jicho likaanza kufumba, mdomo ukakataa kufunguka, ukashindwa kumeza au ukapumua kwa shida, hasa ukiwa na homa, usingoje miadi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kabla ya siku yenyewe

Kula kama kawaida saa moja au mbili kabla. Sindano ya ganzi utakayochomwa haihitaji njaa, na mtu mwenye njaa na hofu huishiwa nguvu kitini kwa urahisi. Piga mswaki. Andika kwenye karatasi dawa zote unazotumia, kisha mwambie daktari kama una kisukari, shinikizo la damu, ujauzito, vali bandia ya moyo, au mzio wa penisilini au wa mpira. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Aseme, daktari ndiye ataamua.

Uliza maswali mawili mapema: jino hili lina mifereji mingapi (njia nyembamba za kiini ndani ya mizizi), na baada ya hapo litafunikwa kwa kitu gani? Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego la chini lina mitatu au minne, na gego la kwanza la juu mara nyingi lina minne, wa nne ukiwa mwembamba na umejificha. Ndiyo maana jino la mbele linaweza kumalizika kwa saa moja, ilhali gego huchukua saa moja na nusu au zaidi, pengine kwa miadi miwili.

Kitini

Kwanza daktari hupima. Hugusa jino kwa pamba yenye baridi kali. Jino lenye afya huhisi baridi, kisha hisia inaisha pamba ikitoka. Jino lenye kiini kilichovimba huendelea kuuma kwa nusu dakika au zaidi, na lililokufa halihisi chochote. Hugonga pia meno ya jirani kwa mpini wa kioo. Jibu kwa ukweli hata kama unahisi jino linalouma silo ulilolidhania, kwa sababu maumivu ya gego la chini yanaweza kusikika juu au hata sikioni. Picha ya eksirei huonyesha urefu na mpindo wa mizizi, pamoja na kivuli cheusi kwenye ncha kama mfupa umeshaanza kuliwa.

Kisha sindano ya ganzi. Hapa ndipo hofu ya watu wengi ilipo, kwa hiyo tulieleze jambo hili vizuri. Tishu iliyovimba ina tindikali nyingi, na tindikali hudhoofisha ganzi. Gego la chini lililovimba ndilo sugu zaidi: mdomo na ulimi vinaweza kufa ganzi kabisa, na jino likabaki macho. Hilo si kosa lako wala si woga. Daktari ana njia nyingine: kuongeza sindano upande wa pili wa ufizi, kuchoma kati ya jino na mfupa, au kuingiza ganzi moja kwa moja ndani ya kiini. Hii ya mwisho huuma kwa sekunde chache, kisha kunatulia. Kubalianeni ishara kabla hajaanza: ukiinua mkono wa kushoto, anasimama. Itumie ishara hiyo. Msukumo na mtetemo utausikia, hayo ni ya kawaida. Maumivu makali hupaswi kuyavumilia.

Baadaye jino hufungiwa kipande cha mpira mwembamba chenye tundu, kikashikwa na kibanio cha chuma. Jino hutokeza peke yake, mdomo mzima ukabaki nyuma ya pazia. Utapumua kwa pua. Mpira huu huzuia mate yenye bakteria yasiingie kwenye mizizi, na hukuzuia kumeza kifaa au dawa. Ukiona daktari anaanza mizizi bila mpira huo, muulize kwa nini.

Shimo hutobolewa juu ya jino (au nyuma yake kwa meno ya mbele) hadi kwenye kiini. Zinaingizwa tupa nyembamba sana, ambazo madaktari huziita faili. Ya kwanza ncha yake huwa na unene wa takriban milimita 0.1. Mashine ndogo iliyounganishwa na faili na kibanio cha mdomoni hulia ncha inapokaribia mwisho wa mzizi. Lengo ni kuishia takriban milimita 0.5 hadi 1 kabla ya mwisho. Ukiishia mbali, uchafu unabaki; ukipita, unachokoza mfupa na kuuma siku kadhaa.

Faili hupanua njia tu. Anayeua bakteria ni hipokloraiti ya sodiamu, dawa ile ile iliyo kwenye maji ya kung'arishia nguo, ambayo hububujishwa ndani mara nyingi. Ukisikia ladha yake kooni, inua mkono, maana mpira unavuja.

Mifereji ikikauka hujazwa gatapecha, utomvu wa mti unaofanana na mpira, pamoja na saruji maalumu. Kama kulikuwa na usaha, daktari anaweza kuweka dawa ya kalsiamu haidroksaidi kwanza na kukuita tena baada ya wiki moja au zaidi.

Ukirudi nyumbani

Usitafune hadi ganzi iishe, kwa kawaida saa 2 hadi 5, la sivyo utajing'ata shavu bila kujua. Jino litauma kidogo kwa siku 2 au 3, wakati mwingine wiki. Kwa mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, ujauzito wala dawa za kuzuia damu kuganda, ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula, kila saa 6 hadi 8, hufanya kazi vizuri. Isizidi miligramu 1,200 kwa siku bila ushauri wa daktari. Wengine watumie parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kesho yake funga meno taratibu. Jino lililotibiwa likigusana kabla ya mengine, kizibo kilichofunga shimo la jino kiko juu mno. Ukiwa na ganzi hukuweza kuhisi hilo. Rudi kiparuzwe, ni kazi ya dakika chache, na ukiiacha jino litauma kila mlo.

Sehemu inayoharibu kazi nzuri

Kizibo cha muda ni laini na huanza kuvuja. Kikitoka au wiki 3 zikapita, mate yanaingia na mifereji inachafuka upya. Gego lililotobolewa limepoteza paa lake, na nguvu ya kutafuna huligawa kama kuni. Likipasuka hadi mzizini, dawa yake ni kung'olewa. Kwa hiyo weka bajeti ya kofia ya jino (kifuniko kigumu kinacholifunika lote) tangu mwanzo, ndani ya mwezi mmoja ikiwezekana, na utafunie upande mwingine hadi ikae. Jino la mbele lililobaki zima mara nyingi hutosheka na kizibo imara.

Baada ya mwaka mmoja piga eksirei nyingine hata kama hakuna kinachouma. Kivuli cheusi kinapaswa kuwa kimepungua au kimetoweka. Kikiwa kimekua, au kikitokea kipele cha usaha kwenye ufizi, pengine kuna mfereji uliosahaulika, na jino linaweza kufunguliwa na kusafishwa upya.