Kubadilisha gasketi ya egzosi kwenye pikapu: gasketi ni rahisi, shughuli iko kwenye nati

Pikapu ikiwaka asubuhi injini ikiwa baridi unasikia tik tik tik, halafu ikishapata moto ule mlio unapungua au unapotea kabisa, usikimbilie kufungua kava la valvu kwanza. Mara nyingi hiyo ni gasketi (kile kibati chembamba cha kuziba maungio) ya manifodi ya egzosi, yaani lile bomba la chuma linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, imeungua, chuma kikiwa baridi kinaacha mwanya moshi unapiga hapo, kikipata moto kinatanuka kinaubana. Fungua boneti shika tochi umulike pale manifodi inapokutana na silinda hedi (kichwa cha injini), ukiona masizi meusi yametawanyika kwenye mshono basi umeshapata jibu.

Usipoona kitu, kuna kipimo kizuri tu. Injini izimwe na iwe baridi kabisa, tafuta mashine ya kufyonza vumbi yenye upande wa kupuliza, ingiza mpira wake kwenye bomba la nyuma la egzosi uzibe pembeni na kitambaa, iwashe ipulize, halafu nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio yote kuanzia kwenye hedi kurudi nyuma. Panapovuja patatoa povu. Na ni muhimu ujue panapovuja ni wapi kabla hujanunua kitu, maana "gasketi ya egzosi" sio moja: kuna ya manifodi na hedi, kuna ya manifodi na bomba linaloshuka chini (hii kwenye magari mengi ni ringi nene), na kuna za fleji (zile sahani za kuungia bomba na bomba) huko nyuma kuelekea silensa. Za huko nyuma ni bolti mbili tatu na umemaliza, kwa hiyo hapa naongelea ile ya kwenye hedi ambayo ndo inatoa watu jasho.

Kuna watu wanasema aah kelele tu hiyo nitaizoea. Hapana. Moshi unaovuja chini ya boneti unaweza kuingia ndani ya kabini kupitia matundu ya hewa, na ndani yake kuna kaboni monoksidi ambayo haina rangi wala harufu na inaua. Halafu kama panapovuja ni kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje inaingia kwenye bomba, sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza mafuta, unaanza kulalamika gari linakunywa wakati tatizo ni kipande cha bati chembamba.

Kitu ambacho wengi wanaruka ni kujiuliza kwa nini gasketi iliungua. Gasketi haifi tu hivi hivi. Ingia chini tikisa bomba la egzosi kwa mkono (likiwa baridi bana), angalia zile raba zinazolining'iniza, angalia na mauntingi za injini (zile raba zinazoibeba). Raba ikiwa imekatika uzito wote wa bomba unaning'inia kwenye manifodi, mauntingi ikiwa imekufa injini inaruka kila ukikanyaga mafuta na bomba linavutwa nayo. Ukiweka gasketi mpya bila kurekebisha hayo utarudi hapo hapo baada ya muda mfupi. Sababu nyingine ni nati zilizolegea au stadi (ule msumari wenye nyuzi uliopandwa kwenye hedi, nati inafungwa juu yake) iliyokatika, mara nyingi ya mwisho mwisho mbele au nyuma kabisa, kwa sababu manifodi ikitanuka kwa joto zile za pembeni ndo zinavutwa zaidi.

Jana yake kabla ya kazi, injini ikiwa imepoa, pulizia dawa ya kutu kwenye kila nati na kila stadi, baada ya masaa kadhaa rudia, kabla ya kulala rudia tena. Nasisitiza hapa kwa sababu stadi ikikatika ndani ya hedi, kazi ya mchana mmoja inakuwa kazi ya siku kadhaa.

Siku yenyewe chomoa waya wa hasi wa betri, maana kwenye injini nyingi waya wa stata unapita karibu na hapo na spana ikigusa utaona cheche. Vaa miwani, kutu inadondoka machoni ukiwa chini. Uzuri wa pikapu ni kwamba iko juu, kama unapita chini bila jeki safi, ukiinua weka stendi na vigingi kwenye matairi usitegemee jeki peke yake. Na kuna njia ambayo inasaidia sana: toa tairi la mbele la upande wa manifodi na ile plastiki ya madigadi, nati nyingi unazifikia kutokea hapo vizuri kuliko kutokea juu.

Toa mabati ya kuzuia joto, chomoa soketi ya sensa ya oksijeni kama iko kwenye manifodi, kisha anza na bolti za bomba linaloshuka chini ndo uje kwenye nati za hedi. Kama ni dizeli yenye turbo imefungwa kwenye manifodi, hapo kuna bomba za oili na wakati mwingine za maji, kama hujawahi kuzigusa mwachie fundi, sikutishi ila ni kazi nyingine kabisa.

Sasa nati. Tumia soketi ya pembe 6, ile ya pembe 12 inakula kichwa cha nati iliyooza. Ukiweka soketi usivute kwa pupa, anza kwa kukaza kidogooo mpaka usikie imeachia kutu, ndo ulegeze robo, ikigoma rudisha, pulizia dawa, legeza tena, unaenda mbele unarudi nyuma hivyo hivyo. Mkono utakuambia: nati inayofunguka inaachia kwa mlio mkali mara moja halafu inazunguka ngumu ngumu, lakini ukihisi inazunguka laini kama unakunja waya, simama hapo hapo, hiyo stadi inajikunja inataka kukatika. Ipashe moto ile nati kwa tochi ya gesi (futa dawa yote kwanza na uwe mbali na bomba za mafuta na waya), iache ipoe kidogo, jaribu tena. Ile ya nyuma kabisa karibu na ukuta wa kabini utahitaji ekstensheni ndefu na joint ya kukunja, na maneno mawili matatu ya kujifariji.

Stadi ikikatika na kipande kimebaki nje, shukuru, mtu wa kuchomelea anaweza kuweka nati juu yake akaichomelea ndani kwa ndani, ule moto wenyewe unalegeza kutu na unaifungua na spana. Ikikatikia ndani unapiga alama katikati kabisa na sentapanchi, unatoboa taratibu. Zile ekstrakta za kugongelea (vyuma vya kutolea vipande vilivyokatikia ndani) mimi siziamini sana kwenye stadi za egzosi, ni chuma kigumu mno na ikikatikia ndani drili ya kawaida haiiwezi.

Manifodi ikishatoka ziba matundu ya hedi na vitambaa, kwangua mabaki ya gasketi. Hedi ikiwa ya aluminiamu usitumie patasi wala brashi ya mashine, kwangua kwa plastiki ngumu au shaba. Ukimaliza TOA VITAMBAA, hesabu ulivyoweka na ulivyotoa. Angalia manifodi kama ina nyufa, hasa kati ya mdomo na mdomo, halafu laza rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso wake ujaribu kupenyeza fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Kitabu cha gari ndo kinasema kipimo kinachoruhusiwa, ila mimi geji ya milimita 0.2 ikipenya kirahisi napeleka manifodi ikasagwe mashine, kwa sababu manifodi iliyopinda itaunguza hata gasketi ya bei mbaya.

Gasketi mpya inawekwa kavu. Usipake silikoni, hata ile nyekundu ya joto kali, maana inaishia nyuzi joto mia tatu na kitu wakati moshi wa injini ya petroli iliyobeba mzigo unapita 700, itaungua tu na mvuke wake unaweza kuharibu sensa ya oksijeni. Linganisha gasketi na matundu ya hedi kabla ya kufunga, ikiwa ina upande wake iangalie alama. Ringi ya bomba la chini nayo weka mpya, ya zamani imeshabonyea umbo lake. Nati mpya pia, ni pesa ndogo ukilinganisha na shida uliyopata kuzitoa. Paka kidogo grisi ya shaba kwenye nyuzi za stadi kama kitabu hakijakataza, ila jua nyuzi zenye grisi zinakaza zaidi kwa nguvu ile ile, kwa hiyo usizidishe.

Funga zote kwa vidole kwanza, na bomba la chini lishike legelege ili manifodi ikae bila kuvutwa. Kisha kaza kuanzia katikati ukienda nje, huku na huku, raundi ya kwanza nusu ya nguvu, ya pili nguvu kamili kwa spana ya kupimia. Nati nyingi za M8 (za stadi ya milimita 8) zinaangukia karibu Nm 20 hadi 25 ila fuata kitabu cha gari lako. Ni nguvu ndogo kuliko unavyofikiri, wengi wanakatia stadi hapa baada ya kuhangaika kote kule kuzitoa salama. Mwisho ndo unakaza bomba la chini, kila bolti kidogo kidogo ili fleji isilale upande.

Rudisha betri, sensa na mabati, washa gari likiwa nje sio ndani ya banda. Litatoa moshi kidogo juu ya manifodi dakika za mwanzo, hiyo ni dawa ya kutu na grisi ya mikono yako inaungua, itaisha. Sikiliza, pitisha mkono kwa mbali kwenye mshono usikie kama kuna upepo unapiga. Acha lipoe kabisa, na kama maelekezo ya gasketi uliyonunua yanataka kukaza tena, kaza likiwa baridi hivyo hivyo. Taa ya injini kama ilikuwa inawaka kwa sababu ya sensa, kwenye magari mengi itazima yenyewe baada ya safari kadhaa, ikigoma ipimwe na mashine, inawezekana kuna sehemu nyingine inavuja huko chini hukuipuliza sabuni.